Georg Ohm, Mwana wa Fundi wa Makufuli

1. Nyuzi zinazofika Kolwezi

Mtoto wa Kolwezi akitoka kidogo nje ya mji huona nguzo ndefu za chuma porini. Zinafuatana moja nyuma ya nyingine mpaka zinapotea machoni. Juu yake zimetundikwa nyuzi nene, na nyuzi hizo huleta umeme. Umeme mwingine hutoka karibu, kwenye mitambo ya Nzilo na Nseke katika mto Lualaba, iliyojengwa katika miaka ya 1950. Umeme mwingine hutoka mbali sana, kwenye maporomoko ya Inga katika mto Kongo. Huo husafiri kilomita 1,700 hivi kabla ya kufika Kolwezi.

Mtoto mwenye akili akitazama nyuzi hizo atajiuliza mambo mengi. Kwa nini nyuzi za nyumbani hutengenezwa kwa shaba, wala si kwa chuma ambacho bei yake ni ndogo? Kwa nini uzi uliomo ndani ya pasi huwa wa moto sana, na uzi wa ukutani unaopeleka umeme uleule haupati moto? Kwa nini umeme wa kutoka Inga husukumwa kwa nguvu kubwa namna ile?

Maswali hayo matatu yana mzizi mmoja. Aliyeuona mzizi huo hakuwa mtu mkubwa wala tajiri. Alikuwa mwalimu wa shule, mwana wa fundi, na jina lake Georg Simon Ohm. Haya ndiyo maisha yake.

2. Nyumba ya fundi

Georg alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa makufuli. Mama yake alikuwa binti wa mshonaji wa nguo. Mungu aliwajalia watoto saba, lakini wengi walikufa wangali wadogo. Walikua watatu tu: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elisabeth Barbara. Georg alipokuwa na umri wa miaka 10, mama yao naye alifariki.

Baba yao hakupata kusoma katika shule kubwa. Walakini alipenda elimu kuliko mali. Alinunua vitabu, akajifundisha mwenyewe, na yale aliyoyajua akawafundisha wanawe nyumbani: hesabu, kemia, na elimu ya nguvu za asili. Kwake pia watoto walijifunza kazi ya mikono. Waliona jinsi fundi anavyopima chuma mara nyingi kabla ya kukikata, kwa maana ufunguo ukizidi kidogo tu hauingii katika kufuli. Somo hilo Georg hakulisahau maisha yake yote.

Alipokuwa na miaka 15, mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Erlangen, jina lake Langsdorf, alimjaribu kwa maswali ya hesabu. Mwalimu alishangaa sana kuona maarifa ya mtoto huyo wa fundi. Akamtabiria kwamba yeye na mdogo wake watakuwa watu wa elimu kubwa.

3. Wakati uliopotea

Mwaka 1805 Georg aliingia chuo kikuu. Baba alifurahi, maana mwanawe alikuwa amepata bahati ambayo yeye mwenyewe hakuipata. Lakini kijana alipojiona huru, alianza kupoteza siku zake. Alicheza dansi, alicheza biliadi, na wakati wa baridi aliteleza juu ya barafu pamoja na rafiki zake. Vitabu vilibaki vimefungwa.

Baba alipopata habari alikasirika sana. Yeye alitoa jasho kwa nyundo na tupa ili mwanawe asome, na mwanawe alikuwa akitapanya jasho hilo. Basi baada ya mwaka mmoja na nusu Georg aliacha chuo. Alipelekwa Uswisi mwaka 1806, akawa mwalimu wa hesabu katika shule ya Gottstadt. Alikuwa na miaka 17 tu.

Huko ugenini moyo wake ulibadilika. Aliona sasa thamani ya kile alichokichezea. Alimwandikia Langsdorf kutaka kumfuata katika chuo kingine akasome kwake. Langsdorf alimshauri abaki alipo, asome peke yake vitabu vya mabingwa wa hesabu, kama Euler na Laplace. Georg alitii. Mchana alifundisha watoto, na nafasi iliyosalia aliisoma bila mwalimu, kama vile baba yake alivyosoma zamani.

Mwaka 1811 alirudi Erlangen. Alifanya mtihani mkubwa wa chuo kikuu, akashinda, akapewa cheo cha daktari wa elimu tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo.

4. Mwalimu maskini

Cheo hakikumletea utajiri. Alifundisha kidogo katika chuo, lakini mshahara haukumtosha hata kuishi. Mwaka 1813 akaenda kufundisha katika shule ya mji wa Bamberg. Shule hiyo ilikuwa dhaifu, na mwaka 1816 ilifungwa. Georg hakukata tamaa. Siku hizo hizo aliandika kitabu cha jiometria, akaeleza jinsi anavyoona inafaa kuwafundisha watoto. Kitabu kilimfikia mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Tatu, naye akapendezwa nacho.

Kwa hiyo mwaka 1817 Ohm aliitwa kufundisha hesabu na fizikia mjini Köln, katika shule iliyokuwa ikiongozwa zamani na mapadri wa Shirika la Yesu. Shule hiyo ilikuwa na chumba kizuri cha vyombo vya majaribio. Mmoja wa wanafunzi wake hapo, Dirichlet, baadaye alikuwa bingwa wa hesabu mwenye sifa katika Ulaya nzima. Ohm alifundisha kwa bidii, na masomo yakiisha aliingia katika chumba kile cha vyombo, akafunga mlango.

5. Swali ambalo hakuna aliyelijibu

Wakati ule umeme ulikuwa jambo jipya. Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alionyesha betri ya kwanza: sahani za madini mawili zilizopangwa kwa zamu, katikati yake kitambaa chenye maji ya chumvi. Mwaka 1820 Oersted, mtu wa Denmark, aliona kwamba uzi wenye umeme huigeuza sindano ya dira ikiwa karibu. Basi watu walijua kwamba kuna kitu kinachopita ndani ya uzi. Walijua pia kwamba madini mengine hupitisha vizuri na mengine hupitisha vibaya. Lakini ni kiasi gani kinapita? Kiasi hicho hutegemea nini? Hakuna aliyeweza kujibu kwa hesabu iliyo wazi.

Ohm aliwaza namna hii. Nikichukua uzi mfupi wa shaba, umeme mwingi utapita. Nikichukua uzi mrefu zaidi, umeme utapungua. Nataka kujua utapungua kwa kipimo gani. Tena, lazima nipime kama fundi wa makufuli anavyopima, si kwa kukisia.

Alijitengenezea chombo kwa mikono yake. Alitundika sindano ya sumaku kwenye utepe mwembamba wa madini, karibu na uzi wenye umeme. Umeme ulipopita, sindano iligeuka. Ohm aliusokota utepe mpaka sindano irudi mahali pake. Kadiri alivyolazimika kusokota zaidi, ndivyo alivyojua kwamba umeme uliopita ni mwingi zaidi.

6. Kosa, na jinsi alivyolisahihisha

Mwaka 1825 alitoa habari ya majaribio yake ya kwanza, pamoja na hesabu aliyoiona kuwa sheria ya umeme. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa.

Kosa lilitoka wapi? Lilitoka katika betri. Betri za siku zile hazikuwa imara. Zikiunganishwa tu, nguvu yake huanza kushuka, mara hupanda tena, mara hushuka. Ni kama kupima nguo kwa utepe wa mpira: leo inatoka ndefu, kesho fupi, wala huwezi kujua kama ni nguo iliyobadilika au utepe.

Mwenye majivuno angalitetea kosa lake. Ohm hakufanya hivyo. Mwenye gazeti la elimu aliyechapa habari zake, Poggendorff wa Berlin, alimshauri atumie chanzo kingine cha umeme. Miaka michache kabla, mwaka 1821, Mjerumani Seebeck alikuwa amegundua kwamba madini mawili tofauti yakiunganishwa, na kiungo kimoja kikawa cha moto na kingine cha baridi, umeme hupita. Umeme huo ni mdogo, lakini hautikisiki maadamu moto na baridi havibadiliki.

Ohm alichukua madini ya bismuti na shaba, akayaunganisha. Kiungo kimoja alikiweka penye maji yanayochemka, kingine penye barafu. Maji yakichemka, joto lake halipandi tena. Barafu ikiyeyuka, baridi yake haibadiliki. Basi sasa alikuwa na msukumo usioyumba.

Akatwaa nyuzi nane za shaba zenye unene mmoja. Ule mfupi ulikuwa na inchi 2, ule mrefu ulikuwa na inchi 130. Akaziweka mmoja mmoja mahali pake, akapima, akaandika. Akarudia siku nyingine, akapima tena, akaandika tena. Halafu akapunguza tofauti ya moto na baridi, ili msukumo uwe mdogo, akapima mara nyingine.

Ndipo mwaka 1826 hesabu ilipojifunua, tena ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza yenye kosa. Ohm mwenyewe aliichapa, na kwa kufanya hivyo alilifuta kosa lake mbele ya watu wote.

7. Sheria ya Ohm

Watoto, fikirini juu ya maji ya Nzilo. Ukuta umeyazuia maji ya Lualaba yakae juu. Kutoka juu yanashuka katika mabomba mpaka kwenye mitambo. Mambo matatu yahusika hapo. Kwanza, urefu wa kuanguka kwake: maji yakitoka juu zaidi husukuma kwa nguvu zaidi. Pili, wingi wa maji yanayopita kila nukta. Tatu, bomba lenyewe: bomba refu na jembamba huyasumbua maji, bomba fupi na pana huyaacha yapite upesi.

Katika umeme mambo ni vivyo hivyo. Nguvu inayosukuma huitwa msukumo, nayo hupimwa kwa volti. Wingi wa umeme unaopita huitwa mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Na ile tabia ya uzi kuusumbua umeme huitwa ukinzani.

Sheria ya Ohm yasema hivi: mkondo ni sawa na msukumo uliogawanywa kwa ukinzani. Msukumo ukiongezwa mara mbili, mkondo huongezeka mara mbili. Ukinzani ukiongezwa mara mbili, mkondo hubaki nusu.

Na ukinzani wa uzi hutegemea nini? Uzi ukiwa mrefu mara mbili, ukinzani wake ni mara mbili. Ukiunganisha nyuzi mbili zilizo sawa ziende pamoja kama uzi mmoja mnene, ukinzani hubaki nusu. Aina ya madini nayo ni kitu kikubwa: uzi wa chuma huwa na ukinzani karibu mara sita kuliko uzi wa shaba wa urefu na unene uleule. Hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza.

Mara nyingine watu hutaka kuupunguza mkondo makusudi. Basi huweka njiani kizuizi kidogo kinachoitwa resista. Ukifungua redio mbovu utaziona resista nyingi, kama vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi. Rangi hizo ni tarakimu: kahawia ni 1, nyekundu ni 2, na nyingine vivyo hivyo. Kwa rangi hizo fundi husoma ukinzani wa kila moja.

Sasa tufanye hesabu. Tunayo betri ya gari yenye volti 12, na resista yenye ukinzani wa vipimo 6. Kumi na mbili ukigawanya kwa sita ni mbili. Basi mkondo ni ampea 2.

Tuongeze resista ya pili iliyo sawa na ya kwanza, tuipange nyuma yake katika njia moja. Umeme sasa lazima upite katika zote mbili. Ukinzani wote ni 6 na 6, yaani 12, na mkondo ni ampea 1. Watu wengi hudhani kwamba resista ya kwanza hula umeme, na ya pili hupata mabaki. Sivyo. Katika njia moja mkondo ni uleule mahali pote, mwanzoni, katikati na mwishoni. Kinachogawanyika ni msukumo: volti 6 kwa resista hii, volti 6 kwa ile.

Tuzipange sasa kwa namna nyingine, bega kwa bega, kila moja na njia yake kutoka betri. Kila moja inapata volti 12 kamili na kupitisha ampea 2. Kwa hiyo betri inatoa ampea 4. Tumeongeza vizuizi, na mkondo umezidi! Msishangae. Lango la kanisa likiwa moja, watu hutoka polepole. Likifunguliwa lango la pili, hutoka upesi zaidi, ingawa kila lango ni jembamba. Taa za nyumbani zimepangwa hivi, bega kwa bega. Ndiyo sababu taa moja ikifa, nyingine huendelea kuwaka.

8. Miaka ya uchungu

Ohm aliomba likizo, akaenda Berlin alikokaa ndugu yake Martin, naye wakati huo alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa muda huo alilipwa nusu ya mshahara tu. Huko aliandika kitabu juu ya njia ya umeme, kikatoka mwaka 1827. Alitumaini kwamba chuo kikuu kitamwita.

Hakuitwa. Baadhi ya wataalamu walikisoma kitabu wakakikataa. Wengi wao hawakupenda kuona hesabu nyingi zikiingizwa katika habari za umeme, na wengine hawakujisumbua kuyarudia majaribio yake. Ohm aliumia sana. Mwezi wa Machi 1828 aliacha kazi yake ya Köln. Sasa hakuwa na shule yake wala chumba cha vyombo. Aliishi Berlin kwa kufundisha saa chache hapa na pale. Yeye aliyekuwa ameigundua sheria ya umeme hakuwa na mahali pa kuendelea nayo.

Ni rahisi kuvumilia mtu anapodharau kazi uliyoifanya vibaya. Ni vigumu zaidi anapodharau kazi uliyoifanya vyema. Lakini Ohm hakubadili tarakimu hata moja ili awapendeze wakubwa. Sindano ilikuwa imegeuka kama ilivyogeuka, na aliandika kama alivyoona.

Mwaka 1833 alipata kazi katika shule ya ufundi ya Nürnberg. Hakuoa, na maisha yake yalikuwa ya kawaida sana.

9. Heshima iliyochelewa

Kidogo kidogo watu walianza kupima wenyewe. Fechner wa Leipzig alirudia majaribio, na mwaka 1831 alionyesha kwamba sheria ya Ohm ni ya kweli. Pouillet, Mfaransa, naye alifika mahali pale pale. Waliopima wote walipata jibu moja.

Mwaka 1841 chama kikuu cha wataalamu cha London kilimpa Ohm nishani ya Copley, iliyokuwa heshima kubwa kabisa waliyoweza kuitoa. Mwaka uliofuata walimfanya mmoja wao. Ndipo nchi yake mwenyewe nayo ilipomkumbuka. Mwaka 1849 aliitwa München kutunza vyombo vya elimu vya serikali, na mwaka 1852 alifanywa mwalimu mkuu wa fizikia katika chuo kikuu. Hiyo ndiyo kazi aliyoitamani tangu ujana. Alikuwa na miaka 63.

Aliifurahia kwa miaka miwili tu. Alikufa mjini München tarehe 6 Julai 1854.

Mwaka 1881 wataalamu wa mataifa mengi walikutana Paris kupatana juu ya vipimo vya umeme. Kipimo cha ukinzani wakakipa jina la mwana wa fundi: ohm. Basi zile resista zetu za vipimo 6 ni resista za ohm 6. Jina lake latajwa kila siku na mafundi wa dunia nzima.

10. Shaba yetu na sheria yake

Turudi Kolwezi. Zamani sana, kabla ya Wazungu kufika, wahenga wa Katanga walijua kuyeyusha mawe ya kijani katika matanuru ya udongo wa kichuguu, wakapata shaba. Waliitengeneza misalaba, na mafundi wa Wayeke walijua kuivuta mpaka ikawa nyuzi nyembamba za vikuku. Hawakujua kwamba siku moja nyuzi kama hizo zitabeba nuru.

Leo shaba ya Kamoto na migodi mingine husafishwa sana. Katika kiwanda cha Luilu, karibu na Kolwezi, huisafisha kwa umeme wenyewe. Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu uchafu kidogo tu ndani ya shaba huongeza ukinzani wake. Shaba safi hupitisha umeme kwa urahisi.

Na pasi je? Joule, Mwingereza, alionyesha katika mwaka 1841 kwamba ukinzani hugeuza umeme kuwa joto. Mkondo mmoja wapita katika uzi wa ukutani na katika uzi wa pasi. Lakini uzi wa pasi ni wa mchanganyiko wa nikeli na kromi, wenye ukinzani zaidi ya mara 50 kuliko shaba. Kwa hiyo joto huzaliwa pale tunapolitaka, ndani ya pasi, wala si ukutani. Hilo ni jibu la swali la pili.

Joule alionyesha pia kwamba mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la tatu. Njia ya Inga, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni ndefu mno, na kila kilomita huongeza ukinzani. Mkondo mkubwa ungepotea kwa kupasha moto hewa ya porini. Basi wahandisi waliuongeza msukumo mpaka volti 500,000. Kwa msukumo mkubwa hivyo mkondo mdogo watosha kuleta nguvu ileile. Msukumo ukiwa mara kumi, mkondo huwa sehemu moja ya kumi, na hasara ya joto sehemu moja ya mia. Nyuzi za njia ndefu namna hii kwa kawaida ni za alumini, kwa kuwa ni nyepesi. Ukinzani wa alumini umezidi ule wa shaba, basi nyuzi hufanywa nene zaidi.

Watoto, msiziguse nyuzi hizo kamwe, hata zikianguka chini. Mwili wa mtu nao ni njia ya umeme, na ngozi iliyolowa maji ina ukinzani mdogo kuliko ngozi kavu. Kwa hiyo mikono yenye maji isishike kitu chochote cha umeme.

Katika Injili tunasoma juu ya mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini. Georg Ohm naye alianza kuifukia yake, kwa dansi na michezo. Lakini aliamka mapema, akaifukua, akaifanyia kazi miaka mingi bila kusifiwa. Alikosea, akakubali kusahihishwa. Alisema kweli, akadharauliwa, na hakuiacha kweli. Jioni taa ikiwaka mezani na mwanafunzi akifungua daftari lake, na amkumbuke.

Maswali

1. Baba yake Georg alifanya kazi gani? Aliwafundisha nini wanawe?
2. Kwa nini Georg aliondoka katika chuo kikuu mara ya kwanza?
3. Kosa la mwaka 1825 lilitoka wapi? Ohm alilisahihishaje?
4. Taja mambo mawili yanayoongeza ukinzani wa uzi.
5. Betri ina volti 12, na resista ina ohm 4. Mkondo ni ampea ngapi?
6. Resista mbili za ohm 4 zimepangwa katika njia moja. Mkondo ni ngapi sasa? Na zikipangwa bega kwa bega, betri itatoa ampea ngapi?
7. Kwa nini shaba husafishwa sana kabla ya kufanywa nyuzi?
8. Eleza kwa maneno yako kwa nini umeme wa Inga husukumwa kwa volti 500,000.